Mmeuliza kuhusu winta: ramani ya Oktoba inaijua Januari?

Meseji zimekuwa nyingi tangu majani yaanze kuanguka huko Ulaya na Marekani, na karibu zote zinazunguka jambo moja, watu wametumiwa ramani ya bluu kwenye WhatsApp imeandikwa winta kali inakuja na wanataka kujua waamini au waache. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ikishaeleweka hiyo zingine zinakuwa nyepesi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Minneapolis, huu ni mwaka wangu wa pili, nafanya kazi ya kulea wazee na nina watoto watatu. Kwenye grupu letu la akina mama wametuma ramani ya serikali ya Marekani, Minnesota yote bluu, wanasema winta hii ni baridi ya kupitiliza. Mwenzangu anasema tununue hita za umeme sasa hivi kabla bei haijapanda. Hivi hizo kompyuta kweli zinaijua Januari, wakati hata mvua ya kesho kutwa huwa wanakosea? (Mama wa watatu, Minneapolis)

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa kuuliza kabla ya kutoa hela mfukoni.

Tuanze na hiyo bluu, manake hapo ndipo watu wengi wanapotea. Hiyo ramani inatolewa na kituo cha utabiri wa tabianchi cha NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani ya mambo ya bahari na hewa, na rangi yake haisemi kutakuwa na baridi kiasi gani, inasema uwezekano umeegemea upande gani. Wanachukua kipindi cha miaka 30, kuanzia 1991 hadi 2020, wanazipanga winta zake kwa mafungu matatu, zile za baridi zaidi, zile za katikati na zile za joto zaidi. Kama hakuna anayejua lolote basi kila fungu lina asilimia 33 hivi. Sasa kompyuta zikiona dalili kidogo, fungu la baridi linapanda labda hadi asilimia 40, na hapo sehemu yako inapakwa bluu. Asilimia 40 tu! Maana yake bado kuna asilimia 60 kwamba winta yenu haitaingia kwenye fungu la baridi kabisa. Bluu ikikolea maana yake wana uhakika zaidi kidogo, sio kwamba barafu itakuwa nene zaidi. Wale wanaoirusha kwenye magrupu na maneno ya kutisha juu yake wameiondoa ile jedwali ya asilimia pembeni na bila hiyo ramani haisomeki, kwahiyo siku nyingine ukitumiwa waambie wakutumie ikiwa nzima.

Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa kule nyumbani wanasema mvua za vuli zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, ni hesabu hiyo hiyo ya mafungu matatu. Tumeisikia redioni miaka mingi, sema tu hatukuwahi kuiona ikiwa na rangi.

Sasa wanajuaje hata hicho kidogo? Swali lako la mvua ya kesho kutwa ni zuri sana. Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alionyesha mwaka 1963 kwamba kosa dogo sana kwenye vipimo vya leo linakua kila siku mpaka utabiri unaharibika wote, na kwa hewa ya kila siku mwisho wake ni kama wiki mbili hivi, baada ya hapo hakuna kompyuta duniani itakayokwambia tarehe 14 Januari itakuwaje pale kwenu. Ila bahari ni kitu kingine. Maji ya Pasifiki pale kwenye ikweta yakipoa au yakipata joto yanakaa hivyo miezi, na yanasukuma mikondo ya upepo mkali wa juu ambayo ndiyo inayoamua baridi ya Kanada ishuke wapi. Maji yakipoa tunaita La Niña, na mara nyingi majimbo ya kaskazini ya Marekani yanaegemea baridi huku kusini kukiwa na joto na ukavu. Yakipata joto ni El Niño, na kaskazini kwenu kunaegemea joto. Mara nyingi, sio kila mara.

Kwahiyo modeli za masafa marefu, yaani hizo programu za kompyuta za kutabiri msimu, hazijaribu kutabiri siku. Kituo cha Ulaya kinaitwa ECMWF, makao yake Reading kule Uingereza, modeli yao ya msimu inayoitwa SEAS5 waliianzisha 2017, kila mwezi wanaiendesha mara 51 kwenda mbele miezi saba, kila mara wanabadilisha kidogo sana hali ya mwanzo, afu wanaangalia zile 51 zimeangukia wapi. Zikitawanyika ovyo huku na huku hakuna habari hapo. Zikisogea nyingi upande mmoja hapo kuna kitu cha kusema. NOAA nao wana ya kwao, CFSv2, tangu 2011, na wanaichanganya na za taasisi zingine za Marekani na Kanada. Ni sawa na mtu anayeijua ligi vizuri, mwanzoni mwa msimu anaweza kukwambia Simba na Yanga watakuwa juu na akawa sahihi karibu kila mwaka, lakini muulize Jumamosi ya tarehe fulani nani atafungwa, hapo hana tofauti na wewe.

Na hii ndio sehemu nataka uishike mama, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu. Winta ni miezi mitatu, Disemba hadi Februari, na utabiri wa msimu ni wastani wa miezi yote mitatu. Kinachovunja mabomba na kuunguza vidole ni wiki moja. Angalia winta ya 2023 kwenda 2024, kulikuwa na El Niño kubwa, na ikaja kuwa winta ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa Marekani bara, Minneapolis nayo hivyo hivyo ikavunja rekodi ya joto. Lakini katikati ya winta hiyo hiyo, tarehe 13 Januari 2024, Kansas City walicheza mechi ya mpira wa Kimarekani kwenye baridi ya hasi 4 za Farenihaiti, yaani hasi 20 za Selsiasi. Modeli za msimu hazikukosea, wastani ulikuwa wa joto kweli, ila aliyekuwa nje siku ile bila glavu wastani haukumsaidia kitu.

Kwahiyo ushauri wangu ni huu, usinunue chochote kwa sababu ya bluu, jiandae kwa sababu uko Minneapolis. Januari ya kawaida pale kwenu wastani wake ni kama hasi 9 za Selsiasi, hiyo ya kawaida! Watoto watatu wanahitaji koti la kweli na buti zisizopitisha maji iwe ramani ni bluu, nyeupe au nyekundu, na maduka ya mitumba na makanisa mengi yanatoa makoti Oktoba kabla hayajaisha. Ziba madirisha kwa ile plastiki ya kubandika, ni bei rahisi kuliko hita na inafanya kazi usiku kucha bila umeme. Hita za umeme za kubeba usizifanye ndio mpango wako mkuu, bili itakushangaza, na ukiwa nayo ichomeke moja kwa moja ukutani sio kwenye ekstensheni, nyumba nyingi zimeungua hivyo. Na kitu ambacho wageni wengi hawaambiwi: Minnesota kuna sheria ya msimu wa baridi, kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili kampuni haitakiwi kukukatia umeme au gesi ya kupasha nyumba joto kama umekubaliana nao mpango wa malipo na unaufuata. Wapigie mwenyewe kabla deni halijakua, usisubiri wao wakupigie. Uliza pia msaada wa nishati wa LIHEAP, kipato cha kazi za kulea wazee mara nyingi kinaingia kwenye vigezo vyao.

SWALI: Habari za kazi. Mimi naishi Manchester mwaka wa tisa sasa. Kila ifikapo vuli huku magazeti yanaandika theluji ya miezi mitatu inakuja, afu inanyesha mvua tu mpaka Machi. Mwaka huu naona wameongeza neno jipya, wanasema modeli zimeona stratosfia inavunjika. Hicho ni kitu cha kweli au ni kuuza magazeti? Nauliza kwa sababu ya bili ya gesi. (Msomaji, Manchester)

JIBU: Kitu chenyewe ni cha kweli kabisa, namna wanavyokitangaza ndio inaniudhi.

Uingereza ni ngumu kuliko Minnesota kwa sababu kila kitu kinategemea upepo unatoka wapi. Kuna tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya Iceland kaskazini na visiwa vya Azores kusini, ikiwa kubwa upepo wa magharibi unakuja na nguvu kutoka Atlantiki, unaleta mvua na joto joto lile unalolijua la Manchester. Ikipungua au kugeuka, mlango wa mashariki unafunguka na hewa ya Siberia inaingia. Winta ya 2009 kwenda 2010 hiyo tofauti iligeuka kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana kwenye rekodi, Uingereza ikapata winta ya baridi kuliko zote tangu ile ya 1978/79, na kijiji cha Altnaharra kule Scotland kikafika hasi 22 za Selsiasi. Sasa vuli ya 2009 Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, walikuwa wameshasema uwezekano mkubwa ni winta ya wastani au ya joto kidogo, nafasi ya baridi waliiacha ila ndogo. Watu walikasirika sana na Machi 2010 wakaacha kutangazia umma utabiri wa msimu. Kwa maoni yangu walifanya vibaya kuacha, walichotakiwa ni kuwafundisha watu kusoma asilimia, manake nafasi walioiachia magazeti yakaijaza na vichwa vya habari.

Kazi ya utafiti lakini haikusimama. Mwaka 2014 wanasayansi wa Met Office hao hao walichapisha matokeo kwamba modeli yao mpya ikianzishwa Novemba inaweza kuikisia ile tofauti ya Iceland na Azores kwa uwiano wa karibu 0.6 ukilinganisha na kilichotokea kweli miaka iliyopita. Moja kamili ingekuwa sahihi kila mwaka, sifuri ni kubahatisha, kwahiyo 0.6 ni zaidi ya kubahatisha na ni pungufu mno kwa kichwa cha habari.

Tuje stratosfia. Juu kabisa, kama kilomita 30 hivi, wakati wa winta upepo unazunguka ncha ya kaskazini kwa kasi na unaifungia ile baridi kali humo ndani. Miaka mingine mawimbi ya hewa kutoka chini yanapanda na kuuvuruga, na joto la kule juu linaruka hata nyuzi 50 ndani ya siku chache. Aliyeligundua tukio hilo ni Richard Scherhag, Berlin, mwaka 1952. Linatokea kama mara sita kwa miaka kumi. Likitokea, wiki mbili tatu baadaye baridi inaweza kumwagika huku chini, Ulaya au Amerika, na hali hiyo ikakaa wiki kadhaa. Februari 12, 2018 lilitokea, na mwisho wa mwezi ule ule ikaja ile baridi ya mashariki ambayo nadhani unaikumbuka kama ulikuwa huko, Scotland wakapewa onyo jekundu la theluji. Ila mengine yanapita na hakuna chochote kinachofika chini, kwahiyo hata likishathibitishwa bado ni uwezekano.

Sasa angalia mtego. Modeli zinaliona kwa uhakika wiki moja, mbili hivi kabla. Sio Septemba. Gazeti likikwambia mwezi wa tisa kwamba stratosfia itavunjika Januari, wamechukua labda matokeo mawili matatu kati ya 51 ambayo yalionyesha hivyo na kuyageuza habari. Ukitaka kufuatilia, fuatilia kuanzia Disemba kwenda mbele, na soma utabiri wa mwezi wa Met Office wenyewe ambao upo wazi na una lugha ya tahadhari.

Kuhusu gesi, panga bajeti kwa winta ya kawaida na uweke kidogo pembeni kwa wiki mbili mbaya. Kama wewe au mzazi anayeishi na wewe mnapokea zile posho zinazostahili, kule England kuna malipo ya pauni 25 kwa kila siku saba mfululizo ambazo wastani wa joto ni sifuri au chini yake, kati ya 1 Novemba na 31 Machi, na mara nyingi yanakuja yenyewe. Watu wanayakosa kwa kutotoa taarifa nyumbani kukiwa na mtoto mchanga au mtu akianza kuishi nao, kwahiyo hakikisha taarifa zako ziko sawa.

SWALI: Bro mambo. Naendesha trela, naishi Columbus, nimeletewa kontrakti ya kupeleka mzigo Fargo Januari yote. Modeli inasemaje, niikubali au niiache? (Dereva, Ohio)

JIBU: Poa sana. Kwa swali lako modeli ya msimu haina msaada kabisa kaka, Fargo Januari ni baridi mwaka wowote ule, chukulia hivyo na udai bei inayolingana na hiyo kazi. Chako wewe ni utabiri wa siku 6 hadi 10 na wa siku 8 hadi 14, NOAA wanautoa kila siku, na kila Ijumaa wanatoa wa wiki ya tatu na ya nne. Huo ndio unakwambia kama kuna wimbi la baridi linashuka, na ukiliona unajua utajaza wapi mafuta. Dizeli ya kawaida namba 2 ikifika karibu na hasi 10 za Selsiasi inaanza kutoa nta na kuziba filta, kwahiyo jaza kule kaskazini ambako wanauza iliyochanganywa kwa ajili ya winta, usifike Fargo na tenki la mafuta ya Ohio. Blanketi, chakula na maji ndani ya kebini hata kama utabiri ni mzuri. Mwaka 2019 tarehe 30 Januari Chicago ilifika hasi 31 za Selsiasi, na siku kama hiyo gari likizimika barabarani huna muda mrefu wa kusubiri.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi nasoma chuo Nairobi ila kwetu ni Garissa, na dada yangu yuko Minneapolis. Yeye ananiambia La Niña inawaletea baridi, huku wazee wanasema La Niña ni ukame. Ni kitu kimoja? Na je hizo modeli zinafanya kazi Afrika au ni za wazungu tu? (Mwanafunzi, Nairobi)

JIBU: Waalaykum salaam. Ni kitu kimoja kaka, na nimefurahi sana umeuliza, manake wengi tunadhani hali ya hewa ya dada yako na ya mama kule Garissa hazihusiani.

Bahari ni ile ile. La Niña tatu zilifuatana kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, na kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia misimu mitano ya mvua ikashindwa mfululizo, mifugo ikafa kwa mamilioni. 2023 ikageuka, El Niño ikaja na Bahari ya Hindi upande wetu ikapata joto kuliko upande wa Indonesia, Novemba Garissa na Tana River wakapata mafuriko, na miezi ile ile dada yako alikuwa anatembea Minneapolis kwenye winta ya joto kuliko zote za rekodi. Mmoja anasaidiwa na mwingine anaumia, kwa chanzo kimoja.

Na modeli sio za wazungu tu. ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, pale Nairobi, wanachukua matokeo ya modeli hizi hizi za dunia, wanakaa na wataalamu wa nchi zetu kabla ya kila msimu na kutoa utabiri wa kanda. Tena hapa nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui, mvua zetu za Oktoba hadi Disemba zinatabirika vizuri zaidi kuliko za Machi hadi Mei, kwa sababu za mwisho wa mwaka zimefungwa sana na Pasifiki na Bahari ya Hindi, wakati za masika zinaongozwa na mambo mengi madogo madogo. Na kwa kulinganisha na baridi ya Uingereza, mimi ningeuamini utabiri wa mvua za Oktoba za Garissa mapema zaidi. Mfugaji akiambiwa mwezi wa tisa kwamba fungu la ukame limepanda hadi asilimia 50 au 60, hiyo ni taarifa ya kuuza baadhi ya mbuzi wakiwa bado wanene. Tatizo letu kubwa halipo kwenye kompyuta, taarifa inatolewa hotelini Nairobi kwa Kiingereza na inafika kijijini imechelewa au haifiki kabisa, na hilo linaniuma sana manake ndio sehemu rahisi ya kurekebisha. Wewe umesoma, ipeleke wewe, isome kwa Kisomali na Kiswahili redioni kwenu.

SWALI: Jambo mwalimu. Mimi nilitoka kambi ya Nyarugusu, sasa tuko Houston na familia. Wanasema Texas haina baridi na ule utabiri unaonyesha joto. Basi si lazima tununue vitu vya baridi? Na kama umeme utakatika tunaweza kupikia makala (mkaa) ndani ya nyumba kama tulivyozoea? (Baba, Houston)

JIBU: Jambo sana baba, karibuni Houston. Naomba usome hili jibu na mkeo na watoto wakubwa pamoja.

Oktoba 2020 utabiri wa msimu ulisema kusini mwa Marekani kuna uwezekano mkubwa wa winta ya joto, kulikuwa na La Niña, na kwa kawaida ndivyo inavyokuwa. Januari 2021 mwanzoni stratosfia ikavurugika, na katikati ya Februari baridi ikashuka mpaka pwani ya Texas. Nyumba na biashara zaidi ya milioni nne zikakosa umeme, mabomba yakapasuka, na jimbo lenyewe likahesabu vifo 246. Wengi walikufa kwa baridi ndani ya nyumba zao, na wengine walikufa kwa hewa ya sumu, kaboni monoksidi, kwa sababu waliwasha jenereta, gari la gereji au mkaa ndani ili wapate joto.

Kwahiyo hapana, mkaa ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi, hata kwa dakika za kuchemsha chai. Nyumba za huku zimezibwa, sio kama za kambini ambako hewa inapita kwenye paa na ukutani. Hiyo hewa haina harufu wala moshi, mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi, analala na haamki. Jiko la mkaa na jenereta vikae nje mbali na milango na madirisha.

Vya kununua ni vichache: blanketi nzito moja kwa kila mtu, soksi na kofia, tochi na betri zake, maji ya kunywa ya siku tatu, chakula kisichohitaji kupikwa. Muulize mwenye nyumba akuonyeshe pa kufungia maji, bomba likipasuka ufunge haraka. Na nunua alamu ya kaboni monoksidi ya betri, iweke karibu na mnapolala na uibonyeze kila mwezi usikie kama inalia. Siku ikilia yenyewe msitafute chanzo wala msikusanye vitu, toeni watoto nje kwanza afu mpige 911 mkiwa huko huko nje.